Tangazo la Mbwa wa Kongo

Mama Nekesa alipofariki mwezi uliopita, nilienda kukaa na watu wake matangani kule Kibera, upande ambao siku hizi unaitwa Raila. Tulikalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tukaletewa chai na mkate, na kila aliyekuwa na neno juu yake akalisema. Mjukuu wake mmoja alisimama akasema nyanya alikuwa mtu mgumu sana kupelekwa hospitali, kwamba hata meno yakimuuma alijifunga leso kichwani akaendelea na kazi. Watu wakacheka. Mimi nilitazama chini. Katika hema lile lote nadhani nilikuwa peke yangu niliyewahi kumwona Mama Nekesa akilala kwenye kitanda cha nesi siku kumi na nne mfululizo, gauni limepandishwa, macho yamefumbwa, mkono wake umeshika wangu kwa nguvu hadi vidole vinakufa ganzi. Watoto wake wakati huo walikuwa nyumbani magharibi kwa bibi yao, na yeye hakutaka waambiwe. Sasa kwa kuwa amekwenda, naona naweza kuusimulia mwaka ule.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mpiga chapa katika shirika dogo la afya lililokuwa na vyumba viwili vya mawe nyuma ya kanisa, Kawangware, njia ya kuingia Kongo, kama tulivyouita mtaa mmoja wa huko. Jina la shirika lilikuwa na maneno saba na nilichukua wiki nzima kulikariri. Chumba cha kwanza kilikuwa cha nesi wetu, Zipora, mwanamke wa Kitui mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Kilinuka spiriti na sabuni. Cha pili kilikuwa na meza yangu, taipureta, mashine ya kuzungusha kwa mkono ya kutolea nakala, na nyuma ya kabati la mbao, kama nyuma ya pazia, meza ya Bwana Gichuhi. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya ukarani serikalini, alivaa tai kila siku hata jua likiwaka, na alipenda maneno kama watu wengine wanavyopenda viatu. Kila tangazo aliliandika mwenyewe kwa kalamu ya wino, kisha mimi nikalipiga chapa. Nikimwuliza maana ya neno hakunikemea. Alinieleza taratibu, na mengi ninayoyajua kuhusu lugha nilianzia kwake. "Ofisi lazima isikike kama ofisi," aliniambia. Nilimwamini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na sijawahi kuona ofisi nyingine kwa ndani.

Kulala nililala Kibera, chumba kimoja cha udongo na bati, ukuta mmoja na Mama Nekesa. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi. Asubuhi aliuza uji na mandazi pale Toi, ukingoni mwa Kibera, kwenye njia ya wafanyakazi, na jioni, kwa wateja aliowajua tu, aliuza busaa, pombe ya nafaka isiyoruhusiwa na serikali, chumbani mwake. Mimi nilijifanya sijui habari ya busaa na yeye akajifanya hajui kwamba najua. Nilikunywa uji kwake kila asubuhi kabla ya kushika njia ya kwenda kazini kwa miguu. Alijua nafanya kazi "ya kuandika, Kawangware, kwa watu fulani." Zaidi ya hapo hakuniuliza, na mimi, kwa kuwa nilijivunia kazi yangu kwa namna ya kijinga, sikuona haja ya kumweleza.

Siku ya Jumanne, msimu wa kiangazi, mbwa wa rangi ya kahawia alipita Kongo alfajiri akiuma kila aliyekutana naye. Hakubweka. Watu walisimulia jambo hilo zaidi ya mengine yote, kwamba alikuja kimya, kichwa chini, ute unamtoka. Aliuma watu kadhaa Kongo, akavuka barabara ya Ngong, akaonekana tena upande wa Toi, na huko wauza nyama wakamuua kwa mawe. Zipora aliposikia alikwenda mwenyewe na gunia. Kichwa cha yule mbwa kikapelekwa kwa madaktari wa mifugo, na Alhamisi akarudi na jibu: kichaa. Alituambia akiwa bado amesimama mlangoni. Alisema ugonjwa ule ukishaanza kuonekana kwa mtu hakuna dawa duniani, lakini kabla haujaonekana mtu anaweza kuokolewa kwa sindano, na sindano alishaahidiwa. Tatizo lilikuwa moja. Kutokana na alivyosikia njiani, waliong'atwa walikuwa saba au wanane, na hakuna aliyejua ni akina nani. Bwana Gichuhi akavuta karatasi akaandika. Nililipiga chapa tangazo lile mara moja tu lakini mpaka leo nalikumbuka lote:

"Umma unatangaziwa kwamba, kufuatia tukio la mnyama anayeshukiwa, wahusika wote wanatakiwa kuripoti katika Ofisi ya Uratibu bila kukawia ili hatua zinazofaa zichukuliwe. Atakayekosa kufanya hivyo atawajibika kwa matokeo."

Chini yake jina letu lenye maneno saba, na muhuri. Niliona ni tangazo zuri. Nilifurahia hata nafasi niliyoacha juu na chini. Tukabandika kwenye miti, kwenye vibanda vya makaa, kwenye ukuta wa bomba la maji Kongo, na jioni, wauza uji wakiwa wameshafunga, mimi nikabeba mengine hadi Toi.

Wiki ya kwanza walikuja wawili, na hao waliletwa na mchungaji. Wiki ya pili hakuja mtu. Asubuhi moja ya wiki hiyo nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Mama Nekesa na kikombe changu cha uji, na kando yangu wanaume wawili wa kazi za mjengo, nguo zimekauka simiti. Mmoja alikuwa akilisoma tangazo letu kwa sauti kwenye nguzo, neno moja moja. Mwenzake akamwuliza umma ni nani. Akajibu umma ni sisi. Na hao wa Uratibu? Yule msomaji akafikiri, akasema hao lazima ni wale wale wa kubomoa vibanda, wamebadilisha jina tu. Hebu tazama, alisema, hapa wanasema hatua zitachukuliwa. Ukienda kusema mbwa alikuuma Kongo, watakuuliza Kongo ulikuwa unafanya nini, unaishi kwa nani, una karatasi gani. Mwenzake akakubali. Mama Nekesa, aliyekuwa akikoroga sufuria, akauliza bila kugeuka, "Kwani mbwa ana kesi?" Wakacheka, wakalipa, wakaenda. Mimi nilimaliza uji wangu. Ningeweza kusema kwamba Ofisi ya Uratibu ni vyumba viwili na nesi mmoja, kwamba mimi ndiye niliyeyapiga maneno yale. Sikusema. Niliona aibu, lakini aibu yenyewe ilikuwa ya ajabu: niliwaonea wao aibu, kwa kutoelewa. Hilo ndilo jambo ninalolirudia zaidi sasa ninapokuwa peke yangu. Watu walikuwa wakinieleza waziwazi kwa nini watakufa, na mimi nikadhani wanahitaji elimu.

Katikati ya wiki ya tatu Zipora aliitwa Kongo. Alirudi saa sita mchana, akanawa mikono, akanawa tena, kisha akaja kukaa kwenye kigoda karibu na meza yangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alikuwa ametoka kwa fundi seremala anayeitwa Barasa. Mbwa alimng'ata shavuni. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, mtu akarudi kazini, na jana yake akaanza kulalamika koo. Zipora alisema mtu yule aliomba maji, na maji yalipoletwa mwili wote ukakataa, akayasukuma, kisha akayaomba tena. Mkewe, Loise, alibaki amesimama na kikombe. Zipora alimwuliza kwa nini hamkuja, kwani hamkuona tangazo? Loise akasema waliliona. Mume wake alijua kusoma. Ndiye aliyewasomea majirani. Alilisoma lote akasema, "Mimi sihusiki na kitu. Mimi niliumwa tu."

Bwana Gichuhi alikuwa ametoka nyuma ya kabati na amesikia. Aliuliza kama tulibandika tangazo karibu na nyumba ile. Zipora akasema ndiyo, mlango wa pili. "Basi ofisi ilitimiza wajibu wake," akasema, akarudi mahali pake. Nilisikia kiti kikilia. Sikusikia karatasi wala kalamu mpaka jioni.

Barasa alikufa siku iliyofuata. Ijumaa nilikwenda mbele ya meza ya Bwana Gichuhi nikamwomba tuandike tangazo jingine, rahisi kidogo. Hakunitazama. Alisema tangazo lilishatoka, na ofisi ikitoa matangazo mawili kwa jambo moja watu watajua ilikosea. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikasema, "Sawa, bwana," nikatoka.

Jumamosi alasiri nilikaa chumbani kwa Mama Nekesa na daftari. Alikuwa amechemsha viazi vitamu, chai iko jikoni, na kwa kuwa sikuweza tena kubeba peke yangu nilimwambia yote: mbwa, Barasa, kikombe cha maji, tangazo ni letu na nililipiga mimi. Alisikiliza akimenya kiazi. Nilimwambia nitaandika, nimsomee, na pale asipoelewa aniambie. Nikaanza na jina la shirika. Akanisimamisha hapo hapo.

"Nyinyi ni akina nani?"

Nikarudia jina. Akasema hilo ni jina, yeye anauliza ni akina nani. Nikasema ni nesi mmoja, anaitwa Zipora, na karani, na mimi, nyuma ya kanisa. Akasema andika hivyo. Nikaandika. Akauliza, mtu akija, polisi watakuwepo? Hapana. Mtamwuliza analala nyumba ya nani? Hapana. Mtamwuliza anauza nini? Nikasema hatuna haja. "Basi andika," akasema, "kwa sababu wewe unajua na mimi sijui." Akauliza sindano ni pesa ngapi, nikasema ni bure. Akauliza ni ngapi na zinadungwa wapi. Hapo nilisita. Nilisema tukiandika ni za tumboni, siku kumi na nne, hakuna atakayekuja. Akaweka kisu chini.

"Inauma?"

"Inauma sana, Mama Nekesa. Zipora amesema watu wazima hulia."

"Andika inauma. Mtu akidanganywa siku ya kwanza, ya pili hatarudi."

Niliandika. Chai ikachemka ikamwagika kwenye makaa, hakuinuka. Akauliza tena, sasa polepole, je kama mtu aliumwa na kidonda kimeshapona, bado? Nikasema bado, ni hatari vilevile, na bado kuna nafasi maadamu hajaanza kuugua. Na kama haikuwa kuuma hasa, kama ni meno yalipita tu, damu kidogo? Nilikuwa nikiandika, nimeinamisha kichwa. Nilipofika mwisho wa mstari niliinua macho. Alikuwa akinitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Kisha akavuta leso yake juu ya goti. Kwenye nyama ya mguu, nyuma, kulikuwa na alama mbili nyeusi na mstari.

Alisema ilikuwa asubuhi ile, pale Toi, akiwa amebeba sufuria kwa mikono miwili asiweze kujikinga. Alipaka majivu na mafuta ya taa. Hakumwambia mtu. Alidhani akienda kuripoti, kama karatasi ilivyosema, watamfuata hadi chumbani waone pipa la busaa. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Aliniambia kwamba hakujua ile karatasi inatoka kwangu. Wiki tatu tulikuwa tumelala ukuta mmoja, nikinywa uji wa mkono wake kila asubuhi. Nilitaka kulia, akanikataza. "Maliza kwanza kuandika," akasema.

Tangazo tulilomaliza jioni ile lilikuwa hivi:

"Kuna mbwa wa kahawia aliyeuma watu Kongo na Toi siku ya Jumanne, wiki tatu zilizopita. Alikuwa na kichaa. Kama alikuuma au meno yake yalikugusa ukatoka damu, hata kidogo, hata kama umepona, unaweza kufa. Mtu mmoja ameshakufa. Ukidungwa sindano kabla hujaugua, unaweza kuokoka. Sindano ni bure. Ni za tumboni, siku kumi na nne, na zinauma. Anayedunga ni nesi, anaitwa Zipora. Sisi si polisi na si watu wa kubomoa. Hatutakuuliza unaishi kwa nani wala unauza nini. Njoo nyumba ya mawe nyuma ya kanisa, Kongo, karibu na bomba la maji, kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Kama huwezi kutembea, tuma mtu na nesi atakuja. Ukimaliza kusoma, msomee jirani."

Jumapili nilifungua ofisi kwa ufunguo niliopewa wa kufungulia asubuhi. Kanisani walikuwa wakiimba, na nilizungusha ile mashine kwa kufuata wimbo, ukinyamaza nami nanyamaza. Karatasi zilikuwa za ofisi, wino wa ofisi, na sikuwa na ruhusa ya mtu. Sikugonga muhuri, huo sikuthubutu. Ibada ilipokwisha Mama Nekesa alikuwa nje akingoja, amevaa nguo zake nzuri. Nilitarajia atagawa karatasi tu. Alisimama penye bomba la maji, watu wakiwa kwenye foleni na madebe yao, akasoma kwa kidole kama alivyosoma kila kitu, na alipofika mahali pa meno kugusa akaacha kusoma, akainua leso yake mbele ya watu wote. Aliwaambia, "Mimi ni mmoja. Kesho naenda. Nani anaenda na mimi?" Watu wakatazama madebe yao. Tukatoka pale tukaenda Kibera akafanya vilevile, na huko pia watu walitazama tu.

Jumatatu Bwana Gichuhi alifika na karatasi mkononi. Alikuwa ameibandua njiani. Aliiweka mbele yangu akauliza nani alinipa ruhusa. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama najua nimefanya nini kwa jina la shirika. Nikamwambia jina la shirika halimo, na kweli hapo ndipo alipokasirika zaidi. Akasoma kwa sauti ya chini, "Na zinauma," akaniuliza, "Wewe umeona ofisi gani ikitangaza hivi?" Nilikuwa nimesimama, mikono nyuma, nikijua nimeshapoteza kazi, nikifikiria kodi ya chumba. Ndipo tukasikia hodi. Mama Nekesa aliingia, na nyuma yake kijana mmoja aliyefunga mkono kitambaa, na mama na binti yake, na mzee aliyekuwa akichechemea. Walisimama mlangoni wakitazama tai ya Bwana Gichuhi. Yule mzee akamwuliza kama yeye ndiye polisi. Bwana Gichuhi akasema hapana, yeye ni karani, akatoka nje kuwaletea benchi.

Mchana ule ule aliniita akanisomea barua ya onyo, yangu mwenyewe, nikaipiga chapa nakala mbili, nikatia sahihi. Kesho yake, bila kuniangalia, alisema nitoe nakala zaidi za lile tangazo na nizipeleke hadi upande wa juu wa Kawangware.

Kijana aliyefunga mkono aliacha siku ya sita. Tulimtafuta, tukaambiwa amehama, na mpaka leo sijui ilikuwaje kwake. Wengine walimaliza. Mama Nekesa alimaliza. Lakini kumaliza sindano hakukuwa mwisho, kwa sababu tulikuwa tumechelewa wiki tatu na Zipora hakutaka kutuahidi. Miezi ile iliyofuata nilikuwa nikimtazama Mama Nekesa kila anaponyanyua kikombe. Akikohoa na chai, niliweka changu chini. Yeye alijua, mara nyingine alinitazama machoni na kunywa kikombe chote bila kupumua, kisha akakigeuza kunionyesha hakuna kitu. Sikuwahi kucheka.

Karibu na mvua, Loise, mjane wa Barasa, alikuja ofisini. Hakuwa anaumwa. Alisema amesikia watu wanazungumza kuhusu karatasi mbili, na yeye hajui kusoma, na anataka kujua. Alikuwa amekunja ile ya kwanza ndani ya kitambaa. Aliuliza nani aliiandika. Nilifungua mdomo niseme ni mimi niliyeipiga chapa, lakini Bwana Gichuhi alikuwa ameshatoka nyuma ya kabati lake.

"Niliandika mimi, mama," akasema.

Loise akampa karatasi, akamwomba amsomee. Akasoma amesimama. Sauti yake, iliyokuwa imezoea maneno yale, ilienda vizuri mpaka kwenye "wahusika wote," ikakwama, akaanza tena sentensi, ikakwama hapo hapo, na mara ya tatu akapita akamaliza. Loise alimshukuru. Kisha akanigeukia mimi akaniomba nimsomee ile nyingine. Nilisoma polepole, kila neno, hadi pale pa kumsomea jirani. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili. Nje walikuwa wanateka maji.

"Angekuja," akasema.